Joe Gaetjens: Muosha vyombo aliyeifunga Uingereza, Marekani ikaangalia kando

Ingia kibanda chochote cha kutazamia mpira mtaani Jumamosi jioni, uulize kwa nini Wamarekani wengi hawapendi soka. Utapewa majibu hata kabla hujapata kiti. Mmoja atasema mabao ni machache. Mwingine atasema Mmarekani hawezi kuvumilia mechi ya kuisha sare. Wa tatu atakuambia ni mambo ya biashara tu: mchezo unaokwenda dakika 45 bila kusimama hauachi nafasi ya matangazo, na televisheni za kule zinaishi kwa matangazo.

Hayo yote yana ukweli wake. Lakini kuna jamaa mmoja kutoka Haiti ambaye maisha yake yanatoa jibu lingine, na jibu hilo linauma zaidi. Jina lake ni Joe Gaetjens. Mwaka 1950 aliifungia Marekani bao lililoinyamazisha Uingereza katika Kombe la Dunia. Nchi aliyoifungia ikaendelea na shughuli zake kana kwamba hakuna kitu kimefanyika. Miaka 14 baadaye, serikali ya nchi aliyozaliwa ikamkamata, na hadi leo kaburi lake halijulikani.

Kama hujawahi kumsikia, usijilaumu. Wamarekani wengi pia hawamjui. Na hapo ndipo kisa chenyewe kilipo.

Kijana wa Port-au-Prince

Joseph Edouard Gaetjens alizaliwa Machi 19, 1924, jijini Port-au-Prince. Hilo jina la ukoo ni la Kijerumani. Mmoja wa mababu zake alikuwa mfanyabiashara Mjerumani aliyehamia Haiti katika karne ya 19 na kuzaa na watu wa huko. Familia ilikuwa na jina na heshima mjini, ingawa haikuwa ya matajiri wakubwa.

Haiti ilikuwa nchi ya soka, na kijana huyu alikuwa na kipaji. Akiwa na umri wa miaka 14 alijiunga na Etoile Haïtienne, mojawapo ya klabu kubwa za jiji. Akiwa nayo alitwaa ubingwa wa ligi mwaka 1942 na tena 1944. Alikuwa straika wa kunusa bao. Mipira ambayo wengine waliiacha ipite, yeye aliifuata kwa mguu, kwa kichwa, hata kwa kujirusha.

Shida ilikuwa moja, na vijana wengi hapa Kenya wanaijua vizuri: mpira haukuwa na pesa. Kijana wa familia ya heshima alitakiwa awe na karatasi. Kwa hivyo mwaka 1947 alipata ufadhili wa serikali ya Haiti akaenda New York kusomea uhasibu katika Chuo Kikuu cha Columbia. Alipanda kwenda Marekani kama mwanafunzi wa hesabu. Habari za Kombe la Dunia hazikuwa kichwani mwake wakati huo.

Sahani mchana, gozi wikendi

Ukiwa na jamaa ng'ambo unajua ufadhili haufiki kila mahali. Kodi ya nyumba, chakula, nguo za baridi, yote yanataka pesa. Gaetjens alitafuta kibarua, akakipata katika mkahawa mmoja wa New York. Kazi yenyewe ilikuwa kuosha vyombo.

Bahati ikawa mwenye mkahawa, Eugene Diaz, ndiye pia aliyemiliki timu ya soka. Timu iliitwa Brookhattan, jina lililounganisha Brooklyn na Manhattan, nayo ilicheza katika ligi iliyoitwa American Soccer League. Muosha vyombo akavaa jezi. Siku za kazi alikuwa jikoni na darasani, wikendi alikuwa uwanjani akihangaisha mabeki. Katika msimu wa 1949-50 aliongoza ufungaji katika ligi kwa mabao 18 katika mechi 15.

Leo straika wa namna hiyo angekuwa na wakala, mkataba wa viatu na wafuasi kibao mtandaoni. Gaetjens alilipwa hela kidogo kwa mechi na kurudi kwenye sinki. Jijini kote, nje ya mitaa ya wahamiaji, hakuna aliyejua kuna mtu kama yeye.

Linganisha na hili. Mwaka huohuo wa 1947 ambao Gaetjens alifika New York, Jackie Robinson aliingia timu ya besiboli ya Brooklyn Dodgers, akawa mchezaji wa kwanza Mweusi kucheza katika ligi kuu ya besiboli ya enzi hiyo. Nchi nzima ilisimama kutazama. Wengine walimshangilia, wengine walimtukana, lakini hakuna aliyeweza kujifanya hajaona. Besiboli ilikuwa kioo ambamo Marekani ilijitazama. Soka haikuwa kioo cha mtu yeyote mwenye sauti.

Mchezo wa wageni

Kwa nini ilikuwa hivyo? Lazima turudi nyuma kidogo.

Wamarekani hawakukosa soka. Mwaka 1869, vyuo vya Rutgers na Princeton vilicheza mechi ambayo mpira haukuruhusiwa kubebwa mkononi, mchezo uliokuwa karibu zaidi na soka kuliko na hii futiboli yao ya leo. Lakini chuo cha Harvard kilipenda mchezo wa kubeba mpira na kukimbia nao, na kufikia 1876 vyuo vikubwa vilikuwa vimekubaliana kufuata sheria zilizotokana na raga. Baadaye Walter Camp wa chuo cha Yale akazigeuza sheria hizo hatua kwa hatua, kuanzia 1880, hadi ukapatikana mchezo mpya kabisa: futiboli ya Kimarekani. Watoto wa wakubwa walikuwa wamepata mchezo wao.

Besiboli nayo ilikuwa tayari imeteka msimu wa joto. Nayo ilikuwa na asili ya michezo ya Kiingereza ya fimbo na mpira, lakini hilo halikupendeza masikio. Kati ya 1905 na 1907 tume maalumu ilifanya kazi ya kutafuta chimbuko lake, ikahitimisha kwamba ulibuniwa na Mmarekani, Abner Doubleday, katika mji wa Cooperstown. Wanahistoria wamelitupa dai hilo kitambo. Lakini linaonyesha watu walitaka nini: mchezo wenye cheti cha kuzaliwa cha Marekani.

Soka haikuwa na cheti hicho. Ilibaki kwa watu waliotoka melini. Ilichezwa na wafumaji wa viwanda vya nguo Fall River, wafanyakazi wa chuma Bethlehem, Waskoti wa Kearny, na vijana wa mitaa ya Waitaliano kule St. Louis. Mashabiki walijaa, hasa miaka ya 1920, wakati American Soccer League ya kwanza ilikuwa na nguvu hadi ya kuvutia wachezaji kutoka Scotland. Mwaka 1930 Marekani ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kwanza kabisa nchini Uruguay. Ndiyo, umesoma vizuri: nusu fainali.

Kisha mambo yakaharibika kwa kasi. Sheria ya 1924 ilipunguza sana wahamiaji, ikakata damu mpya. Mwaka 1928 viongozi wa ligi na wa shirikisho wakaanza kupigania mamlaka, wakagawanyika na kususiana. Ugomvi wa viongozi wa soka si ugonjwa wa Afrika pekee, wakubwa. Kabla hawajapatana vizuri, mdororo mkubwa wa uchumi wa 1929 ukafunga viwanda, na viwanda vilipofungwa timu zilikufa navyo.

Kwa hivyo kufikia wakati wa Gaetjens, ligi ilikuwa ndogo na majina ya timu yalisimulia hadithi nzima: Kearny Scots, Brooklyn Hispano, New York Hakoah ya Wayahudi. Kwa mhamiaji, Jumapili uwanjani ilikuwa siku ya kusikia lugha ya nyumbani. Kwa mtoto wake aliyezaliwa Marekani, mambo yalikuwa tofauti. Huyo alitaka wenzake shuleni waache kumwita mgeni. Njia rahisi ilikuwa kuchukua gongo la besiboli na kuacha mpira wa baba nyumbani.

Hii ndiyo sababu iliyo chini ya zile nyingine zote. Kuchukia soka kulikuwa namna moja ya kuonyesha kwamba wewe ni Mmarekani kamili.

Safari ya Brazil

Mwaka 1950 Kombe la Dunia lilirudi baada ya miaka 12, kwa kuwa vita vilikuwa vimefuta mashindano mawili. Mwenyeji alikuwa Brazil. Uingereza, iliyokuwa imeyadharau mashindano hayo tangu mwanzo, iliamua kushiriki kwa mara ya kwanza. Ilikuwa na masogora kama Billy Wright, Tom Finney, Stan Mortensen na Wilf Mannion. Beki wa kulia alikuwa Alf Ramsey, yuleyule ambaye baadaye akiwa kocha aliipa Uingereza kombe la 1966.

Marekani ikaokoteza kikosi. Kipa Frank Borghi wa St. Louis aliwahi kuendesha gari la kubeba maiti. Walter Bahr alikuwa mwalimu wa shule Philadelphia. Harry Keough alifanya kazi posta. Kocha, Bill Jeffrey, alikuwa Mskoti aliyefundisha timu ya chuo. Kikosi hakikuwa kimepata muda wa maana wa kufanya mazoezi pamoja.

Ndani yake walikuwemo watu watatu ambao hawakuwa raia wa Marekani: Joe Maca kutoka Ubelgiji, Ed McIlvenny kutoka Scotland, na Gaetjens wa Haiti. Kwa kanuni za shirikisho lao wakati huo, ilitosha mchezaji kutangaza nia ya kuwa raia. Gaetjens alitangaza nia. Hakuwahi kuwa raia.

Mechi ya kwanza, Juni 25, walifungwa na Uhispania 3-1 kule Curitiba, ingawa waliongoza kwa muda mrefu hadi dakika za mwisho. Siku hiyohiyo, upande wa pili wa dunia, vita vya Korea vilianza. Weka hilo akilini.

Dakika ya 38

Juni 29, 1950, jijini Belo Horizonte. Watu takriban 10,000 uwanjani. Uingereza ilikuwa na uhakika hata ikampumzisha Stanley Matthews, winga aliyetisha kuliko wote. Kwa upande wa Marekani, McIlvenny Mskoti ndiye alipewa utepe wa unahodha siku hiyo.

Mwanzo ulikuwa wa kuchungulia kaburi. Waingereza walishambulia kama nyuki. Walipiga mwamba, walipaisha, na walichopiga vizuri Borghi alikipangua. Kila mtu alisubiri bao la kwanza la Uingereza, kisha la pili, kisha mvua yenyewe.

Dakika ya 38, mpira ulirushwa ndani ukamfikia Bahr. Mwalimu akapiga kombora kutoka mbali, kama yadi 25. Kipa Bert Williams alianza kusogea kuufuata, akiwa na nafasi nzuri ya kuudaka. Hapo katikati ya miili, Gaetjens akajirusha mbele akaugusa kwa kichwa. Mpira ukabadilisha njia, ukaingia upande ambao Williams alikuwa ameshauacha. Gaetjens mwenyewe alikuwa kifudifudi nyasini wakati wavu unatikisika.

Kuna Waingereza waliosema mpira ulimgonga tu kwa bahati. Bahr, aliyepiga shuti lile na kumjua Gaetjens, alishikilia maisha yake yote kwamba mwenzake aliufuata kwa makusudi. Rudi kwenye rekodi ya mtu mwenyewe: mabao 18 katika mechi 15, na sifa ya kufikia mipira isiyofikika. Bahati gani hiyo ya kila wikendi?

Kipindi cha pili mashabiki wa Brazil walihamia upande wa wanyonge. Kuelekea mwisho, Mortensen alichomoka akielekea langoni, Charlie Colombo akamwangusha kwa rafu iliyofanana na ya raga. Ramsey akapiga frikiki, Jimmy Mullen akapiga kichwa, Borghi akaupangua mpira mstarini. Waingereza walidai umeingia. Refa akakataa. Firimbi ya mwisho ikalia: Marekani 1, Uingereza 0.

Mashabiki waliruka ua wakaingia uwanjani. Picha ya Gaetjens inayojulikana zaidi ni ya siku hiyo: amebebwa juujuu mabegani mwa Wabrazil, anatabasamu, mkono hewani. Itazame ukiipata. Wanaomshangilia ni watu wa Belo Horizonte, si wa New York.

Kimya

Sasa sikia mambo yalivyokuwa nyumbani.

Mwandishi mmoja tu wa gazeti la Marekani alikuwa Brazil: Dent McSkimming wa St. Louis Post-Dispatch. Naye hakutumwa na gazeti. Alichukua likizo na kujilipia safari. Magazeti mengine yalichapisha habari fupi au hayakuchapisha kitu. Kurasa za mbele zilikuwa za Korea, na kurasa za michezo zilikuwa za besiboli.

Vita ni sababu halali. Lakini vita havikufuta besiboli magazetini; matokeo yake yaliendelea kutoka kila asubuhi. Kilichofutika ni soka, kwa sababu haikuwepo akilini mwa wahariri tangu mwanzo. Wachezaji walirudi bila tarumbeta wala gwaride. Bahr alisimulia kwamba aliyempokea uwanja wa ndege ni mkewe tu.

Hapa ndipo zile hoja za kibandani zinapokwama. Mtu anayesema Mmarekani anapenda tu mchezo anaoshinda, atueleze 1950. Walishinda. Waliwapiga waliojiita wenye mchezo. Na anayesema bao moja ni kidogo, ajue bao lile moja lilitosha kuiangusha Uingereza. Marekani haikuliona kwa sababu katika watu wale, Mhaiti, Mskoti, Mbelgiji, watoto wa Waitaliano na Wareno, haikujiona.

Siku tatu baadaye Marekani ilifungwa na Chile 5-2 ikatolewa. Uingereza nayo ilipigwa na Uhispania ikarudi nyumbani. Marekani haikucheza tena Kombe la Dunia hadi 1990. Miaka 40 mizima.

Ufaransa, kisha nyumbani

Gaetjens hakukaa kungoja shukrani. Mwaka huohuo alivuka bahari hadi Ufaransa akacheza Racing Club de Paris, baadaye klabu ya Alès. Alikuwa sasa mwanasoka wa kulipwa, ingawa hakung'aa kule kama alivyong'aa siku ile moja.

Mwishoni mwa 1953 alivaa jezi ya Haiti dhidi ya Mexico katika mechi ya kufuzu Kombe la Dunia. Aliporudi Port-au-Prince alipokelewa kama shujaa, watu wakajitokeza barabarani. Fikiria hilo: Haiti ndiyo iliyosherehekea ushindi wa Marekani.

Akatulia. Alimwoa Liliane Defay, wakapata wavulana watatu. Alifungua biashara ya dobi. Kampuni za sabuni na dawa ya meno zilitumia jina lake katika matangazo, maana mtaani kila mtu alimjua. Aliwafundisha vijana mpira. Ilikuwa maisha ya mtu aliyepata alichotaka: kazi, familia, na uwanja wa karibu.

Papa Doc

Mwaka 1957 Haiti ilimchagua daktari mpole wa sauti, François Duvalier, kuwa rais. Watu walimwita Papa Doc. Upole uliisha haraka. Aliunda kikosi cha wanamgambo ambacho raia walikipa jina la zimwi la hadithi za watoto, yule mjomba anayepita usiku akiwatia watoto watundu ndani ya gunia: Tonton Macoutes. Waliochukuliwa na kikosi hicho mara nyingi hawakuonekana tena.

Katika uchaguzi ule, familia ya Gaetjens ilikuwa upande wa mpinzani wa Duvalier, Louis Déjoie. Miaka iliyofuata baadhi ya ndugu zake Joe walikuwa Jamhuri ya Dominika, wakihusishwa na Wahaiti waliopanga kumng'oa rais. Joe mwenyewe hakuwa mtu wa siasa. Alikuwa mtu wa mpira na pasi za dobi.

Juni 1964 Duvalier alijifanya rais wa maisha. Wiki chache baadaye watu wa familia ya Gaetjens walihisi hatari na kutoroka. Joe alibaki. Aliamini mtu asiye na siasa, ambaye nchi nzima inampenda, hana cha kuogopa.

Asubuhi ya Julai 8, 1964, watu wa Duvalier walimfuata kwenye biashara yake wakamchukua. Alipelekwa Fort Dimanche, gereza ambalo jina lake pekee lilitosha kumnyamazisha mtu mzima. Inaaminika aliuawa humo mwezi huohuo. Mwili haukutolewa, cheti hakikutolewa, maelezo hayakutolewa. Liliane aliachwa na watoto watatu na swali moja. Joe alikuwa na umri wa miaka 40.

Na Marekani? Kulikuwa na mamilioni ya watu waliojua majina ya wachezaji wote wa besiboli wa enzi ile. Mtu aliyewapa ushindi mkubwa kuliko wote katika mchezo mkubwa kuliko yote alitoweka, na hapakuwa na kelele. Hatuwezi kusema umaarufu ungemwokoa. Duvalier aliua watu maarufu pia. Lakini mtu asiyejulikana ni rahisi zaidi kupotezwa.

Kumbukumbu za kuchelewa

Mwaka 1975 Pelé alijiunga na New York Cosmos na ghafla soka ikawa kitu cha kuonwa. Mwaka uliofuata, 1976, Gaetjens aliingizwa kwenye Jumba la Umaarufu la soka ya Marekani. Alikuwa ametoweka miaka 12. Filamu kuhusu mechi ile ilitolewa 2005.

Ukaidi haukuisha. Mwaka 1986, bunge lao lilipojadili kuunga mkono ombi la kuandaa Kombe la Dunia, mbunge Jack Kemp, mchezaji wa zamani wa futiboli ya Kimarekani, alisimama kupinga. Alieleza kwamba futiboli ni mchezo wa kidemokrasia na kibepari, na soka ni wa kisoshalisti wa Ulaya. Alikuwa na utani ndani yake, lakini utani huchekesha pale tu watu wanapoujua msingi wake. Msingi ulikuwa uleule wa miaka ya Gaetjens: huu si mchezo wetu.

Pamoja na hayo, kombe la 1994 lilijaza viwanja kwa mashabiki zaidi ya milioni 3.5. Ligi ya MLS ilianza 1996. Wanawake wa Marekani wametwaa Kombe la Dunia mara nne: 1991, 1999, 2015 na 2019. Watoto wanaocheza soka kule ni wengi mno. Aliyebaki anapinga mara nyingi hapingi mpira wenyewe. Anapinga kile anachodhani mpira huo unasema kuhusu nchi yake.

Jambo la kuchekesha ni kwamba hata neno wanalochekwa nalo si lao. Lilizaliwa katika vyuo vya Uingereza karne ya 19, likikatwa kutoka jina la chama cha mpira. Sisi wenyewe tukalichukua tukasema soka, na hakuna anayetuona sisi wageni wa mchezo.

Kisha historia ikafanya mzunguko wake. Novemba 2025, Haiti ilifuzu Kombe la Dunia la 2026, mara yake ya kwanza tangu 1974, ikiwa imelazimika kuchezea mechi zake za nyumbani ugenini kwa sababu ya magenge yaliyoteka Port-au-Prince. Kombe hilo limepewa Marekani, Canada na Mexico kuandaa. Na tangu Juni 2025, Marekani imewafungia Wahaiti mlango wa kuingia nchini. Wachezaji waliachiwa nafasi katika amri hiyo. Mashabiki wa kawaida hawakuachiwa.

Joe Gaetjens angeielewa hali hiyo bila kuelezwa. Yeye aliingia New York kama mwanafunzi, akaosha sahani za watu, akavaa jezi ya nchi isiyo yake, akaifanyia kitu ambacho hakuna raia wake aliyewahi kukifanya. Walimkubali uwanjani kwa dakika 90.

Kwa hivyo Jumamosi ijayo ukisikia mjadala ule kibandani, acha waseme kuhusu sare na matangazo. Kisha watajie jina hili. Waambie kulikuwa na muosha vyombo kutoka Haiti, waambie dakika ya 38, waambie pia Fort Dimanche. Kaburi hana. Angalau asikose wa kumtaja.